Hudi ya jikoni: kabla hujauliza bei, uliza bomba litapita wapi

Jamani tangu nifunge hudi ya kuvuta moshi hapa kwangu Fuoni, Unguja, watu wananiuliza bei tu, hakuna anaeuliza bomba limepita wapi, na bomba ndo kazi yenyewe. Mie nnakaanga sambusa na bajia za oda, mafuta yako motoni kutwa, kwa hiyo hichi kitu nlikifatilia vizuri kabla sijatoa pesa yangu.

Fundi wa mwanzo alokuja akatazama juu akasema, "Dada, moshi tuutupie darini, utajitokea wenyewe kwenye bati." Nkamwambia hapana kaka, ahsante. Moshi wa kukaangia una mafuta ndani yake, ukifika darini ukapoa yale mafuta yananata kwenye mbao na kwenye waya za umeme zilizopita humo, siku ikiruka cheche moja ndo basi tena. Utoke nje kabisa. Na huko nje nako uangalie, kama una banda la makuti uani usielekeze mdomo wa bomba huko hata kidogo.

Bomba liwe la bati, gumu na laini ndani. Usikubali la plastiki la maji ati kwa kuwa lipo rahisi dukani, joto linalilegeza na moto ukiingia linaungua. Lile la mikunjomikunjo pia silipendi, kila mkunjo unakusanya mafuta. Hudi nyingi zina tundu la milimita 150, yaani inchi 6, basi bomba liwe inchi 6 mpaka nje, wakikupunguzia ikawa inchi 4 mashine itapiga kelele tu na moshi unabaki pale pale. Kona ziwe chache, langu lina moja tu, na limelazwa kidogo kuelekea nje ili maji ya mvua yasirudi ndani.

Halafu upepo. Ukuta wangu wa jikoni unatazama kusi, sasa ikianza kuvuma kusi bila ya kile kibati kinachojifunga chenyewe mdomoni mwa bomba moshi wote unarudi usoni. Mtie, bei yake ndogo. Walio karibu na bahari waombe skrubu zisizoshika kutu, chumvi yetu mnaijua.

Mlioko Mji Mkongwe msitoboe ukuta wa nje kabla hamjaenda kuuliza Mamlaka ya Mji Mkongwe, ule mji upo kwenye urithi wa dunia tangu 2000 si mchezo. Mkikataliwa zipo hudi za chujio la mkaa zinazorudisha hewa ndani, zinapunguza harufu, ila joto na mvuke mtabaki nao, na chujio lenyewe halioshwi kila siku likarudi jipya, hubadilishwa.

Urefu kutoka jiko la gesi mpaka hudi mara nyingi ni sentimita 65 mpaka 75, lakini kitabu chake ndo kifatwe. Chini ya hapo moto unaramba chujio la chuma la hudi lenye mafuta. Umeme afunge fundi anaejua, na waya wa ethi usiachwe.

Jengine watu hawalijui, hudi haisaidii gesi ikivuja. Gesi ya mtungi nzito kuliko hewa, inakaa chini sakafuni, na ukibonyeza swichi ya hudi cheche yake yaweza kuilipua. Ukisikia harufu funga mtungi, fungua milango, swichi usiguse, toka nje. Na unapoiwasha siku za kawaida acha dirisha wazi kidogo, mashine haiwezi kutoa hewa kama hakuna inayoingia. Wenye jiko la makaa humo humo jikoni ndo zaidi, litoeni nje, ile sumu ya mkaa haina harufu.

Kujua kama inavuta, iwashe ubandike kipande cha tishu kwenye chujio, kikishika sawa, kikianguka angalia bomba au uchafu. Machujio ya chuma mie nnayaroweka kwenye maji ya moto na sabuni kila mwezi, Ramadhani kila wiki.