Kilo zimerudi baada ya upasuaji wa tumbo

Pole dada. Kilo kuanza kurudi mwaka wa pili au wa tatu baada ya kupunguzwa tumbo la chakula kwa upasuaji ili kupunguza uzito huwapata wengi, si uzembe wako. Mimi ningeangalia kwanza vinywaji na kudokoadokoa: juisi, soda na aiskrimu huteleza tu, hazishibishi hata tumbo likiwa dogo. Kila mlo anza na protini, wengi hulenga gramu 60 hadi 80 kwa siku, na maji yasubiri nusu saa baada ya kula. Ule mpango wa siku tano ambao watu hushauriana, unaoanza na vimiminika vitupu eti tumbo lisinyae, achana nao, halisinyai hivyo. Rudi kwa waliokupasua wakupime vitamini, wachungulie tumbo kwa kamera, na uwaulize kuhusu sindano za semaglutaidi, dawa ya kupunguza hamu ya kula na uzito. Ukitapikatapika, wahi mapema.