Dundu wa Firauni: maswali yenu kuhusu hirizi za Misri

Tangu nitaje skarabu zangu hapa, maswali hayajakatika. Kwa aliyejiunga leo: skarabu ni hirizi ya Misri ya kale yenye umbo la dundu, yule anayeviringisha mavi. Najibu matano.

Mume wangu amerudi kutoka Luxor na skarabu ya bluu. Alitoa dola 40, akaambiwa ina miaka 3,000. Tumeibiwa? (Mama wa Tanga)

Mmeuziwa kitu cha juzi, mama, na mshukuru Mungu. Ingekuwa ya kweli, shemeji angeweza kulala rumande Cairo. Sheria namba 117 ya mwaka 1983 ilipiga marufuku biashara ya vitu vya kale nchini Misri, na kutoka navyo ni kosa la jinai. Zamani kulikuwa na maduka yenye leseni. Hata Jumba la Makumbusho la Cairo lilikuwa na chumba chake cha kuuzia, kilichofungwa mwaka 1979. Siku hizi anayekunong'oneza kando ya hekalu kwamba kaka yake kafukua kaburi ama anakuongopea ama anakushirikisha wizi. Mara nyingi anaongopa tu. Mafundi wa kijiji cha Qurna, ng'ambo ya Mto Nile kutoka Luxor, wanachonga bandia tangu karne ya 19, na inasimuliwa kwamba waliwalisha batamzinga skarabu mpya ili zitoke upande wa pili zimeshachakaa.

Nitaitambuaje ya kweli kwa macho? (Juma, Muscat)

Kwa picha ya simu hutaitambua, wala mimi. Ninayo bandia moja mezani ninapoandika. Ubavuni, pale miguu inapokutana na kitako bapa, ukipitisha kucha unagusa mshono mwembamba: imetoka kwenye kalibu. Ukiinusa, rangi ya viatu. Tundu lake la uzi limenyooka, kingo kali kama wembe, ilhali tundu lililopitishwa uzi miaka na miaka huwa limelika mdomoni. Ila mshono peke yake si hukumu, maana hirizi za kale za fayansi, aina ya kauri ya mchanga inayong'aa, nazo zilifyatuliwa kwenye kalibu.

Skarabu nyingi za kweli ni za jiwe la sabuni, jamaa ya lile wanalochonga mafundi wa Kisii kule Tabaka. Wamisri walilichonga likiwa laini, wakalipaka unga unaoyeyuka kuwa kioo cha bluu au kijani, wakalichoma likawa gumu. Miaka imekula rangi hiyo, kwa hiyo nyingi leo ni za hudhurungi au zimepauka. Inayong'aa bluu mwili mzima itilie shaka. Na anayekwambia jiwe lake limepimwa umri kwa kaboni, muage kwa adabu. Kipimo hicho ni cha vitu vilivyowahi kuwa na uhai.

Chini ya yangu kuna duara, kitu kama kitana, halafu dundu. Inasomekaje? (Nassor, Unguja)

Hapo umenifurahisha. Hicho si kitana, ni ubao wa mchezo wenye kete juu yake, umechorwa kwa ubavuni. Husomwa *men*. Dundu ni *kheper*, yaani kuwa, kutokea. Duara ni jua, *Ra*: kwa heshima huandikwa mwanzo, lakini husomwa mwisho. Menkheperra, jina la kifalme la Firauni Thutmose wa Tatu, aliyefariki yapata mwaka 1425 KK.

Usikimbilie kusema ni ya zama zake. Jina hilo liligeuka kago lenyewe, likawa linachongwa kwenye skarabu karne nyingi baada ya mwenyewe kuzikwa, na mafundi wa bandia nao wanalijua kwa moyo. Dundu alipewa heshima yote hii kwa kuwa walimwona akisukuma donge lake, wakasema ndivyo jua linavyosukumwa kila alfajiri. Kubwa zaidi ziliwekwa kifuani mwa maiti, zimeandikwa maneno ya kuusihi moyo usimtolee mwenyewe ushahidi mbaya mbele ya mizani. Mimi sijaona ombi la kibinadamu kuliko hilo.

Niko London, na hapa minada inauza waziwazi. Ninunue? (Dada wa Mombasa)

Huenda ni halali. Dai karatasi zinazoonyesha ilitoka Misri lini na kwa ruhusa ya nani. Makumbusho mengi huuliza ilikuwa wapi kabla ya 1970, mwaka wa mkataba wa UNESCO wa kuzuia biashara haramu ya vitu vya kale. "Mkusanyo wa bwana mmoja wa Kiingereza" si karatasi, dada. Mwingereza Jonathan Tokeley-Parry, mkarabati wa vitu vya kale, alitorosha kichwa cha jiwe cha Firauni Amenhotep wa Tatu kikiwa kimepakwa plastiki na rangi kionekane cha watalii. Yeye na mfanyabiashara wa New York, Frederick Schultz, wakazua mkusanyo wa miaka ya 1920 wa "Thomas Alcock", na lebo zake wakazipaka chai zizeeke. Schultz alitiwa hatiani mwaka 2002, akafungwa. Wewe mtu wa pwani hili unalijua: vigango vya Wamijikenda, zile nguzo za kuwakumbuka wafu, viling'olewa vikauzwa Marekani hivyohivyo, bila wa kuuliza, na kuvirudisha kumechukua miaka.

Kuiweka nyumbani si ushirikina? Na nisiyetaka kununua ya kale nianzie wapi? (Msomaji, Dodoma)

La kwanza muulize shehe au padri wako. Zangu zinakaa kwenye kopo la biskuti, hazijaniletea pesa wala balaa.

La pili: Jumba la Makumbusho la Petrie, London, limeweka orodha ya vitu vyake kwenye intaneti bure. Flinders Petrie mwenyewe, mwanaakiolojia wa Kiingereza, alipozipanga hirizi mwaka 1914 alipata aina 275, kwa hiyo kazi unayo. Ukitaka cha kushika mkononi, nunua bandia kutoka kwa aliyeichonga. Mimi humwomba fundi aandike jina lake chini. Mmoja Luxor alinikatalia katakata. Alisema akianza kuziwekea jina, atakula nini?