Cockatrice haionyeshi kadi mpya, na mdogo wangu haingii kwenye seva yangu

Swali: Mkuu habari. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tunacheza Magic: The Gathering, ule mchezo wa kadi, kwa kadi za mkononi, sasa kila mtu yuko mji wake. Niliinstoli Cockatrice, ile programu ya kucheza kadi hizo mtandaoni, kitambo kwenye laptopu ya Windows, juzi ndo nimeifungua tena. Kwenye kutengeneza deki kadi za zamani naziona ila za seti mpya (matoleo mapya ya kadi) hamna kabisa, na nyingi hazina picha. Alafu nikawasha Servatrice, programu ya seva ya Cockatrice, nikampa dogo 192.168.1.7 poti 4747, kwake inazunguka weee mwisho taimauti, wakati kwangu inaingia freshi tu. La mwisho, nikijaribu kucheza mwenyewe mbona programu hainikatazi hata nikikosea sheria? Au nimeinstoli vibaya?

Jibu: Salama kabisa mkuu. Hujainstoli vibaya, na hiyo seva yako unaweza kuizima sasa hivi maana kwa watu wawili wanaotaka kucheza tu wala haihitajiki. Ntafika huko.

Kadi kwanza. Cockatrice yenyewe inakuja tupu, haina kadi hata moja ndani. Ile programu ndogo inayofunguka mara ya kwanza, inaitwa Oracle, ndo inaenda mtandaoni kuleta orodha, na ikishaleta inakaa na orodha hiyohiyo mpaka umwambie alete nyingine. Kwa hiyo kama unaona za zamani na za seti mpya huoni, Oracle ilifanya kazi yake vizuri siku ile ila orodha imezeeka. Ila kabla ya yote apdeti Cockatrice yenyewe, chukua toleo jipya pale cockatrice.github.io na mdogo wako afanye hivyohivyo, kwa sababu toleo la zamani sana linaweza kukataliwa na seva mkaanza kutafuta mchawi. Ukimaliza nenda menyu ya Help, bonyeza Check for Card Updates, Oracle itafunguka tena, iache imalize hatua zote pamoja na ile ya tokeni (viumbe vinavyotolewa na kadi nyingine wakati wa mchezo), usiifunge njiani. Tokeni watu wanazipuuza alafu siku kadi inawaambia watoe kiumbe cha tokeni wanaanza kukitafuta kwenye orodha hawakioni.

Sasa hapa ndo wengi wanateleza. Ukirudi kwenye Cockatrice itakuletea kadirisha kakisema kuna seti mpya zimepatikana, unataka kuziwasha? Ukibonyeza No kwa haraka, kadi zimeshashuka kwenye mashine yako lakini hutaziona kwenye kutengeneza deki, na utaapdeti mara kumi bila mafanikio. Kama ulishabonyeza No siku moja, dawa ni menyu ya Card Database, Manage sets, unaziwekea tiki mwenyewe alafu unasevu. Hapohapo pia unaweza kupanga seti ipi ikae juu, na ile ya juu ndo picha yake inatumika kama kadi imetoka kwenye seti nyingi.

Picha ni suala lingine kabisa. Hazishuki zote kwa pamoja, kila picha inashushwa pale unapoitazama kadi, na inabaki kwenye mashine ili usiishushe tena. Ingia Settings, sehemu ya Card Sources, hakikisha kuna tiki kwenye Download card pictures on the fly. Kama tiki ipo na bado kadi ni tupu zenye jina tu, basi ni intaneti yako au picha iliharibika wakati inashuka, futa zilizoshuka kwa kitufe cha kufuta kilichopo hapohapo uanze upya. Na mkiwa mnacheza, ukiona kadi ya mwenzako ina jina tu bila picha wala maelezo, mara nyingi ni kwamba yeye ana orodha mpya na wewe ya zamani. Mechi inaendelea kama kawaida, ila wewe utakuwa unacheza gizani.

Haya, seva.

Namba uliyompa dogo, 192.168.1.7, ni anwani ya ndani ya nyumba yako. Rauta yako ndo imeigawa na nje ya mlango wako haina maana yoyote. Kompyuta ya dogo ikiambiwa itafute 192.168.1.7 inaitafuta kwenye Wi-Fi ya kwake, haimkuti mtu, inasubiri weee, taimauti. Kwako inaingia kwa sababu seva na wewe mko mashine moja. Mngekuwa nyumba moja kwenye Wi-Fi moja namba hiyo ingefanya kazi vizuri kabisa, mradi fayawoli ya Windows umeiruhusu Servatrice na hakuna mliyemuweka kwenye Wi-Fi ya wageni, maana rauta nyingi zinatenganisha vifaa vilivyoko kwa wageni visionane.

Mtu wa nje anahitaji anwani ya nje, ile ambayo rauta imepewa na kampuni ya intaneti, alafu ndani ya rauta unaiambia kwamba chochote kinachogonga poti 4747 ya TCP kipelekwe 192.168.1.7. Hiyo watu wanaita kufowadi poti. Ila usikimbilie huko, angalia kitu kimoja kwanza. Fungua ukurasa wa setingi za rauta, tafuta anwani ya upande wa WAN, yaani upande wa intaneti, alafu fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako ya nje, ulinganishe. Zikifanana, una bahati, fowadi poti itafanya kazi. Zikitofautiana, na hasa ile ya WAN ikianza na 10 au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, maana yake kampuni imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje na wewe ni mmoja wao. Hapo hata ufowadi poti mpaka asubuhi haitaingia, kwa sababu mlango halisi uko kwao na wewe huna ruhusa ya kuugusa. Wanaotumia modemu za laini ya simu karibu wote wako hivyo, na sijui kwa nini maelekezo mengi ya kufungua seva hayalisemi hili mwanzoni, yanamwacha mtu anahangaika na rauta usiku mzima.

Ndo maana nikasema izime. Tumia seva ya umma, kwa mfano Rooster Ranges, ipo tayari kwenye orodha ya dirisha la Connect. Mnajisajili wote wawili kila mtu na jina lake, mnaingia chumba kimoja, alafu wewe unabonyeza Create game, unaandika maelezo mafupi, wachezaji wawili, na kwenye sehemu ya paswedi unaweka neno mnalolijua nyie. Mgeni ataiona mechi kwenye orodha lakini bila paswedi hachezi. Kama hutaki hata watazamaji, toa tiki ya kuruhusu watazamaji. Kwa njia hii nyote wawili mnatoka nje kwenda kwenye seva, hakuna anayehitaji kugongewa mlango, kwa hiyo rauta, fayawoli na mambo ya IP hayawahusu tena.

Kama bado unataka ya kwako, labda mko kundi la marafiki na mnataka faragha, weka Tailscale au ZeroTier kwenye kompyuta zote. Zinatengeneza mtandao wa siri kati yenu kupitia intaneti, kila mashine inapata anwani yake, na dogo anaandika hiyo badala ya ile ya 192. Usishtuke Tailscale ikikupa namba inayoanza na 100, hiyo ni ya kwake yenyewe, haihusiani na ile niliyosema ya kampuni. Na dirisha la Servatrice libaki wazi muda wote, ukilifunga mechi imekufa.

Sasa la sheria. Cockatrice haizijui sheria za Magic, imetengenezwa hivyo kwa makusudi. Ni meza tu: inakuwekea kadi, inazichanga, inahesabu uhai wako 20 wa kuanzia, lakini kama una mana (nguvu ya kulipia kadi) ya kutosha au hukuwa nayo ni juu yenu nyie wawili, kama mlivyokuwa mnacheza na kadi za mkononi. Kinachokulinda ni maandishi ya pembeni, kila kitu kinaandikwa pale, nani kavuta kadi, nani kaangalia maktaba yake, nani kaongeza uhai. Vitufe vya kushika haraka: Ctrl+D unavuta kadi, Ctrl+M mulligani (kubadili mkono wa kuanzia), Ctrl+S unachanga, Ctrl+U unaantapu (unasimamisha zilizolazwa) kadi zote, F12 inaongeza uhai na F11 inapunguza. Na kuonyesha kadi yako inailenga ipi, shikilia kitufe cha kulia cha mausi uvute kutoka kadi moja hadi nyingine, utatokea mshale. Hii ya mshale dogo mfundishe kabla ya yote, itawapunguzia ubishi wa "nilikuwa nalenga ile nyingine".

Ukitaka programu ikukataze makosa, hiyo ni XMage au Forge, zote zinatumia Java na zinasimamia sheria zenyewe, Forge ina hata mpinzani wa kompyuta. Magic Arena ya Wizards of the Coast, wenye Magic wenyewe, nayo inasimamia sheria na ni nzuri kwa macho, ila kadi unazikusanya taratibu ndani yake, huwezi kuamka tu na deki yoyote unayoitaka. Nyie mnaojua sheria tayari na mna deki zenu za zamani kichwani, mimi ningebaki Cockatrice.

Na deki usiandike kadi moja moja. Andika orodha sehemu yoyote, kila mstari idadi na jina, mfano 4 Lightning Bolt, kopi, alafu ndani ya kutengeneza deki chagua Load deck from clipboard. Kadi za akiba (sideboard) anza mstari na SB: mbele. Kabla hujamwita dogo fungua Start local game ujaribu mwenyewe kuvuta mikono kadhaa uone kama kadi za ardhi, zile zinazotoa mana, zinatosha.

Ikigoma tena niandikie neno lenyewe linalotokea. Taimauti ina maana hakuna aliyejibu kabisa, kwa hiyo tunaangalia anwani au fayawoli. Ikisema imekataliwa, mara nyingi mashine imefikiwa ila hakuna programu inayosikiliza kwenye poti hiyo, yaani Servatrice imezimika au namba ya poti umekosea, angalia hujaandika 4748 kwa bahati mbaya, hiyo ni ya websoketi, aina nyingine ya muunganisho.