Uliza kwa Mwalimu: Fungua Daftari Kwanza

Barua za mwezi huu karibu zote ni za wazazi wenye watoto shule ya msingi, na karibu zote zinaanza na "mwalimu wake". Mwalimu wake hivi, mwalimu wake vile. Nimestaafu, lakini vumbi la chaki halijanitoka mikononi, kwa hiyo msishangae nikimtetea mwalimu pale anapostahili. Asipostahili nitasema. Barua nimezifupisha, na majina halisi nimeyaondoa.

*Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko Darasa la Pili, shule ya serikali huku Mbagala. Darasani wako tisini. Nyumbani akishika kitabu anasoma vizuri tu, tena kwa sauti. Juzi mwalimu wa darasa kaniita, eti mtoto hajui kusoma! Nahisi ananichukia kwa sababu sikutoa hela ya tuisheni. Nimhamishe? – Mama wa mmoja, Mbagala*

Marahaba mama. Kabla hujamhamisha, fanya jambo moja leo jioni. Chukua kitabu hichohicho anachokisoma vizuri, funika picha kwa kiganja, kisha mwonyeshe neno la mwisho la mstari. Akilisoma, mwonyeshe lililo kabla yake, urudi nyuma hivyohivyo. Mtoto anayejua kusoma atapunguza mwendo, lakini atasoma. Aliyekariri atakutazama usoni, kwa sababu jibu huwa analitafuta huko. Nilikuwa na kijana mmoja, sauti kama ya mtangazaji wa redio. Siku moja alifunua kurasa mbili kwa pamoja bila kujua, akaendelea kutusomea ule ukurasa aliouruka, neno kwa neno, kidole kikitembea kwenye mistari ya ukurasa mwingine kabisa. Darasa zima lilikuwa linamsifia.

Si uongo wa mtoto huo. Piga hesabu: kipindi cha Darasa la Pili ni nusu saa. Ukigawa kwa watoto tisini, kila mmoja anapata sekunde ishirini, na hapo hujatoa muda wa kugawa vitabu wala wa yule anayeomba kwenda chooni. Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Huyo wa kwenu ana mara mbili yake. Anafanya nini? Anaandika ubaoni, anaonyesha kwa fimbo, watoto wanaitikia wote kwa pamoja. Mwenye sikio zuri anadandia sauti ya jirani yake, na anaweza kudandia hivyo mpaka la nne, ambako anakutana na upimaji wa kitaifa wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani, na jirani wa kumdandia hayupo. Sasa mwalimu ambaye kati ya watoto tisini amemgundua wako, akatafuta nafasi ya kukuita, unasema anakuchukia? Angekuchukia angekaa kimya.

Baada ya kitabu, fungua daftari. Tafuta ukurasa aliokopi kutoka ubaoni, ulinganishe na ukurasa wa imla, yaani maneno ambayo mwalimu ametaja tu na mtoto akaandika mwenyewe. Kukopi ni kuchora, hata asiyejua kusoma anaweza kuchora "mwalimu" vizuri kukupita wewe. Imla ndiyo inayosema kweli. Kama "mwalimu" limeandikwa "walimu" au "malimu", tulia: silabi anazijua, shida yake ni "mw". Watoto wengi wa la pili bado wanasumbuliwa na mw, nd, ny na ng'. Kukwama kwenye "ng'ombe" ni kawaida. Akikwama kwenye "kaka", hapo kuna kazi, na kazi yenyewe inaanzia nyuma, kwenye irabu.

Na mkianza kumsaidia, acheni kumfundisha majina ya herufi. Wazazi wengi, hasa mliosoma soma Kiingereza, mnamwambia "em" na "a" ni "ma". Mtoto anabaki anajiuliza ile "e" imekwenda wapi. Tamka sauti yenyewe: mmm… a… ma. Kata vipande vya boksi, andika silabi kwa maka peni, mpange maneno mezani: ma na ji, maji, ji na ko, jiko. Robo saa kila jioni inatosha, kabla televisheni haijawashwa.

Kumhamisha hakusaidii, atahama na tatizo lake. Tuisheni nayo nenda kaichungulie kwanza. Ukikuta watoto arobaini wamebanana barazani wanaitikia kwa pamoja, rudi na hela yako.

*Mwalimu, sweta la tatu hili tangu Januari limepotea. Nani anayeiba masweta shuleni? – Mama Pacha, Arusha*

Hakuna anayeiba. Asubuhi kuna baridi, saa nne jua limewaka, wanavua, wanatundika kwenye mti au wanafanyia goli, kengele inalia, wanakimbia. Jioni linachukuliwa lolote linaloingia mwilini. Shona jina la mtoto ndani ya kola, na mkondo wake pia, maana shule yenye la kwanza A mpaka E ina akina Neema wa kutosha. Kisha uliza mwalimu wa zamu wanahifadhi wapi vilivyookotwa. Utakuta rundo, na la mwaka jana limo.

*Serikali imesema elimu bila ada. Mbona mtoto kila wiki anarudi na karatasi? Hela ya mlinzi, hela ya mtihani, hela ya uji. Huu si wizi? – Baba Watatu, Morogoro*

Ada iliondolewa kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, utekelezaji ukaanza Januari 2016. Kilichoondolewa ni ada na michango ya lazima. Sare, viatu, madaftari, kalamu, chakula na matibabu vilibaki kwako, baba, na havijawahi kuondoka. Shule inaletewa ruzuku ya uendeshaji iliyopangwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na sehemu ya fedha hiyo ni ya vitabu. Igawe kwa miezi kumi na miwili: haifiki hata 850. Hapo ndipo chaki inapotoka, na karatasi za mitihani, na bawaba ya mlango uliong'oka.

Kwa hiyo mwalimu mkuu akiitisha wazazi akasema jamani tusaidiane, si lazima awe mwizi. Lakini una haki ya kuuliza mambo mawili, na uyaulize kwa sauti ya kawaida. Mchango huu ulipitishwa na mkutano gani wa wazazi, na muhtasari wake uko wapi? Fedha zinashikwa na nani, na kwa risiti? Penye kamati ya shule iliyo hai majibu hupatikana papo hapo. Ukiona mwalimu anakusanya noti darasani na kuzitia mfuko wa shati, hapo nenda kwa mwenyekiti wa kamati. Na iwe wazi kabisa: mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango. Akirudishwa, nenda naye shuleni siku hiyohiyo, na usipopata jibu nenda kwa Afisa Elimu Kata.

Sasa nikuulize na mimi. Kwenye huo mkutano ulikuwepo? Nimekaa kwenye mikutano mingi ya wazazi ambako akina baba wote waliofika walienea kwenye benchi moja, na mmoja wao alikuwa mwenyekiti. Mnakuja kuuliza mwezi wa tano jambo lililopitishwa Januari na wake zenu.

La mlinzi na la mtihani yajadilini. La uji, mimi nakuomba utoe. Mtoto anaamka gizani, anatembea, anakimbia mchakamchaka, anafagia uwanja, anasimama paredi, halafu ndiyo somo la kwanza. Kufika saa nne asiyekula unamjua bila kuuliza: kichwa kimelala juu ya dawati, macho yako wazi, ukimwita anasimama lakini hajui mmefika wapi. Tulizoea kuwaita wavivu. Siku jiko la shule lilipoanza kutoa uji, nusu ya "wavivu" wangu walipona. Huna fedha taslimu? Shule nyingi zinapokea mahindi, hata nusu debe, na maharage. Nenda kaulize.

*Mwanangu wa Darasa la Tano amerudi na alama za fimbo mgongoni. Kosa lake alikosa hesabu. Kesho nakwenda, na huyo mwalimu atanitambua. – Baba mwenye hasira, Tabora*

Nenda kesho, lakini uende umeoga na umekunywa chai. Ukimpiga mwalimu kesi inageuka, na wewe ndiye utakayelala ndani.

Zipo Kanuni za Adhabu ya Viboko za mwaka 2002, na walimu wanazifahamu. Kiboko ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu, si kwa kukosa hesabu. Visizidi vinne. Anayechapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa idhini na mkuu kwa maandishi. Fimbo iwe nyepesi, na sehemu za kuchapa ni mkononi au makalioni, mtoto akiwa amevaa nguo zake. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, ila kama shule haina. Na kila mara adhabu inaandikwa kitabuni: jina, kosa, idadi ya viboko, nani kachapa, na mkuu anatia sahihi.

Mgongo haumo humo. Kwa hiyo piga picha hizo alama leo, na kama ana jeraha ahudumiwe kwanza. Kesho usimtafute mwalimu wa hesabu, muone mwalimu mkuu, umwombe taratibu akuonyeshe kitabu cha adhabu cha siku hiyo. Kama hakuna kilichoandikwa, hilo tu linatosha kumfanya avute kiti akusikilize. Asiposikiliza kuna Afisa Elimu Kata, kuna Afisa Elimu Msingi pale halmashauri, na kituo cha polisi kina dawati la jinsia na watoto.

Chukua na daftari la Hisabati uende nalo. Tazama tarehe ya mwisho ya kalamu nyekundu. Nimewahi kuona daftari ambalo halikusahihishwa tangu shule ifunguliwe, halafu mtoto anachapwa kwa kutojua alichokosea. Kama la mwanao liko hivyo, liweke mezani kwa mkuu, lizungumze lenyewe. Mimi kwa kufundisha kwangu kote sijaona gawanyo refu lililoingia kupitia mgongo.

*Mkubwa yuko la sita, mdogo wake la tano. Jirani ananiambia watamaliza mwaka mmoja. Hii imekaaje? – Mama Wawili, Mwanza*

Jirani yako yuko sahihi. Januari 2024, mkubwa wako aliingia la nne akaendelea na mtaala wa zamani, wa miaka saba. Mdogo aliingia la tatu, na la tatu ni mojawapo ya madarasa yaliyoanza mtaala mpya mwaka huo, pamoja na awali na la kwanza. Kwa toleo la 2023 la Sera ya Elimu, elimu ya msingi ni miaka sita. Kwa hiyo mkubwa atamaliza la saba 2027, na mdogo atamaliza la sita 2027 hiyohiyo. Januari 2028 wote wawili ni kidato cha kwanza.

Hujakosea kusoma, mama. Sare mbili, jozi mbili za viatu, kaunta buku za watoto wawili kwa mpigo. Anza kuweka akiba sasa, hata elfu mbilimbili. Kitu kingine: usimrithishe mdogo vitabu vya kaka yake ukidhani umeokoa hela. Weka madaftari yao pamoja mezani utaona. Mkubwa ana Maarifa ya Jamii na Uraia na Maadili. Mdogo ana Jiografia na Mazingira, na Historia ya Tanzania na Maadili. Wanalala chumba kimoja, lakini mkubwa hawezi kumsaidia mdogo kila kazi ya nyumbani kama ulivyozoea, na asilazimishwe.

*Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaisha. Juzi nimeona juu ya daftari ameandika Mwanaasha, nikimuuliza anasema ndivyo mwalimu anavyomwita. Ni jambo dogo au niende? – Bibi anayelea, Tanga*

Shikamoo bibi, na hongera kwa kuangalia jalada la daftari, wengi hawaliangalii. Si jambo dogo. Jina linaloandikwa siku ya kuandikishwa linaingizwa kwenye PReM, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wanafunzi, mtoto anapewa namba, na namba hiyo inamfuata akihama shule na akisajiliwa kwa mitihani ya NECTA. Kosa la leo ndilo litakalochapwa kwenye matokeo, halafu siku anaomba kitambulisho cha taifa au kazi, anaambiwa cheti hiki si chake.

Kulirekebisha akiwa bado madarasa ya chini ni kazi ya asubuhi moja. Usimtume mtoto na karatasi, nenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu na cheti halisi na kivuli chake. Kivuli kibaki kwenye faili, cheti halisi urudi nacho. Usitosheke na "tutarekebisha, bibi". Omba akuonyeshe jina lilivyo kwenye orodha, majina yote matatu, herufi kwa herufi, maana la babu nalo hukosewa. Kama miwani huna siku hiyo, nenda na mjukuu mwingine anayejua kusoma.