Wimbi Dogo Halina Ubaya: Kupima Sauti Unaporekodia Nyumbani

Kazi nyingi ninazoletewa kumiksi zimerekodiwa chumbani: laptopu, kadi ya sauti ya nje, maiki moja na hedifoni. Vifaa hivyo vinatosha kabisa. Kinachoniuma ni kupokea sauti yenye hisia zote, pumzi imetulia, matamshi safi, halafu ikifika kwenye kiitikio inapasuka. Zipo programu za kupunguza mkwaruzo, lakini kilichokatwa hakirudi. Kwenye rekodi ya kidijitali desibeli 0 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) ndiyo dari, na wimbi likigonga hapo linakatwa kichwa palepale kwenye kadi, kabla halijafika kwenye programu. Ndiyo maana kushusha feda ya programu (kile kitelezi cha sauti) hakusaidii: unapata mkwaruzo uleule, ila kwa sauti ya chini. Cha kushusha ni geini, ile nobu ya kwenye kadi yenyewe.

Watu wanajaza geini kwa sababu wimbi dogo kwenye skrini linawatia wasiwasi. Enzi za mkanda hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwa kuwa ukirekodi chini, ulipokuja kuongeza sauti na mvumo wa mkanda ulipanda nayo. Leo kadi nyingi, hata za bei nafuu, zinarekodi kwa biti 24. Kila biti ni desibeli 6 hivi. Biti 16 zinakupa nafasi ya desibeli 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, na biti 24 kwa hesabu zinafika 144. Kelele za umeme ndani ya kadi hazikuachii nafasi hiyo yote, lakini feni ya chumbani kwako ina kelele kuliko kadi. Chagua biti 24 kwenye mipangilio, kisha acha vilele vya wimbi vicheze kati ya desibeli -12 na -10. Kikiruka kimoja hadi -6, sawa. Wastani ukikaa karibu na -18, hapo pazuri.

Kipimo chenyewe usikichukue kwa "moja, mbili, testi". Mtu akihesabu anaongea, na hatukumwita kuongea. Mweke mwimbaji mahali atakaposimama, shubiri moja hivi kutoka kwenye maiki, mpigie biti ya wimbo masikioni (yaani mdundo, si zile biti za kadi), aimbe pale anapofunguka kuliko pote. Kwa mwanakwaya inaweza kuwa ile noti ya juu anayoishikilia mwisho wa ubeti. Anza na nobu chini kabisa, panda taratibu mpaka vilele vifike unapotaka, halafu rudi nyuma kidogo. Ukishabonyeza kitufe cha kurekodi ataimba kwa nguvu zaidi ya alivyoimba kwenye majaribio. Karibu wote hufanya hivyo. Kadi kama Scarlett ya Focusrite ina duara la taa kuzunguka nobu, kijani hadi nyekundu. Nyekundu ikiwaka, shusha na urudie kuimba.

Maiki ya dainamiki kama Shure SM58 inahitaji geini nyingi, kwa hiyo usishtuke nobu ikifika robo tatu. Ya kondensa inataka umeme wa volti 48. Shusha sauti ya hedifoni kabla ya kuuwasha. Spika zizime maiki ikiwa wazi.

Sasa hedifoni, na hapa ndipo naomba msomaji atulie, kwa sababu asichosikia mwimbaji kinaharibu hata geini uliyoipima vizuri. Asipojisikia anapiga kelele, vilele vinapanda. Akijisikia mno anaimba kwa woga. Biti ikizidi masikioni anaanza kutoka kwenye ufunguo, na isitoshe inavuja ikaingia kwenye maiki. Wengi hupenda kuachia sikio moja wazi. Ruhusu, lakini mwambie kile kikombe cha pili akibane kichwani nyuma ya sikio. Kikining'inia hewani, utaikuta biti nyembamba nyuma ya kila neno.

Halafu kuna kuchelewa. Sauti ikipita kwenye kompyuta ndipo irudi masikioni, inachelewa kulingana na bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulishughulikia. Kwa kHz 48 (vipande 48,000 vya sauti, yaani sampuli, kila sekunde), bafa ya sampuli 256 ni milisekunde 5 na kidogo upande mmoja. Kwenda na kurudi zinazidi 10. Kwa 1024 mwimbaji anasikia kivuli chake na mwendo unamtoka. Unaweza kushusha bafa hadi 128 au 64, ila laptopu yenye nguvu ndogo itaanza kukatakata. Mimi naona bora utumie kitufe kilichoandikwa Direct, kinachompa sauti yake moja kwa moja kutoka kwenye kadi. Ukikiwasha, zima usikilizaji wa ile traki (mstari wa sauti yake) ndani ya programu, la sivyo atajisikia mara mbili.

Malalamiko yatakuja: sauti ni kavu. Ana haki, mwangwi kidogo humpa mwimbaji ujasiri. Washa tena usikilizaji wa traki yake ndani ya programu, lakini safari hii ipite kwenye mwangwi pekee: weka mwangwi mtupu asilimia 100 bila sauti kavu, na Direct ibaki imewashwa. Mwangwi ukichelewa kidogo haumsumbui mtu.

Ukipata kipimo kinachokaa, bandika kipande cha tepu ya karatasi kando ya nobu na uchore alama. Akirudi kesho kurudia ubeti wa pili, sauti itakaa sawa na ya leo.