Nina miaka 47, nitaweza kutembea kilomita 30?

SWALI: Shikamoo dada. Naishi Kihonda, Morogoro, na kazi yangu ni ya kukaa ofisini. Kikundi chetu cha kina mama kimepanga matembezi ya hisani ya kilomita 30 kwa siku moja, miezi minne kutoka sasa, kuchangia upasuaji wa watoto waliozaliwa na vichwa vikubwa na mgongo wazi. Mjukuu wa jirani yangu ni mmoja wao. Nina presha na ninatumia dawa. Magoti yananiuma nikishuka ngazi. Na kuchangisha naona aibu, watu wamechoka na kadi za harusi. Nianzie wapi?
Mama wa Kihonda

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera. Miezi minne inakutosha, mradi uanze wiki hii, na uanzie zahanati. Mwambie daktari wazi kwamba utatembea saa sita au saba, sehemu kubwa juani. Zipo dawa za presha zinazokojolesha, na ukijumlisha jasho la Morogoro, mwili unaishiwa maji na chumvi. Usipunguze dawa mwenyewe. Muulize pia kama ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, inakufaa siku za mwendo mrefu, maana kunywa maji matupu kupita kiasi nako kunashusha chumvi kwenye damu, mtu akapata kichefuchefu na hata kuchanganyikiwa.

Tembea siku nne kwa wiki. Siku tatu ziwe za dakika 40, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Jumamosi ndiyo ya mwendo mrefu: anza na kilomita 6, ongeza mbili kila wiki, na kila wiki ya nne punguza ili mwili upumzike. Ukifikisha 24 wiki tatu kabla ya siku yenyewe, usitafute kufika 30. Anza kupunguza. Hizo sita zilizobaki utazimaliza ukiwa na wenzako.

Nilifanya kazi ya uuguzi Morogoro kabla ya kuhamia Moshi, na ile njia ya kupanda Morningside, kwenye milima ya Uluguru, bado naipenda. Ngojea mwezi wa pili wa mazoezi ndipo uipande. Kwa magoti yako shida itakuwa kushuka: piga hatua fupi, kunja goti kidogo, shika fimbo. Nyumbani, kaa kwenye kiti na kuinuka bila kushika popote, mara kumi, pumzika, rudia. Misuli ya paja ikipata nguvu, goti linapunguziwa mzigo. Goti likivimba au likikwama, acha mazoezi ukaonwe.

Raba nunua jioni, wakati miguu imevimba kidogo, na ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole. Za mtumba si mbaya, ila bonyeza soli: ikiwa ngumu kama ubao, iache. Paka mafuta ya mgando katikati ya vidole na mapajani kabla ya kutoka. Kwenye barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu tembeeni upande wa kulia, muyaone magari yanayokuja, na mwanzoni vaeni vizibao vinavyong'aa, kwa sababu inabidi muanze saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijawa kali.

Sasa michango, ambayo naona ndiyo inayokunyima usingizi. Kinachowachosha watu ni kutojua fedha zao zimeishia wapi. Kwa hiyo kabla ya kumwomba mtu shilingi, kikundi kiende hospitali itakayopokea fedha, kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) Dar es Salaam, ambako watoto hawa hufanyiwa upasuaji. Ulizeni gharama halisi ya kumwekea mtoto mwenye kichwa kikubwa mrija wa kupitisha maji yaliyojaa kichwani hadi tumboni. Ulizeni pia nauli na malazi ya mama, maana familia nyingi hukwama hapo, na mtoto mwenye mgongo wazi anatakiwa afanyiwe upasuaji ndani ya siku chache baada ya kuzaliwa. Ombeni barua ya utambulisho na namba ya akaunti ya hospitali yenyewe. Fedha zisipitie kwenye simu ya mtu binafsi, hata kama ni mwenyekiti.

Hapo ndipo uombe, na uombe kwa jina la mtu, mmoja mmoja. Ujumbe wa jumla kwenye kundi la WhatsApp kila mtu hudhani umemlenga mwingine. Mwambie unachangia nini, kinagharimu kiasi gani, na wewe mwenyewe umetoa ngapi. Anayetaka kuahidi, andika ahadi yake na tarehe. Wa elfu mbili mshukuru sawasawa na wa laki. Picha za watoto msizitumie kuombea fedha. Yule mjukuu atakua, na ana haki ya kutokukuta kichwa chake kikizunguka kwenye simu za watu.

Jambo moja nakusihi kwa nguvu zangu zote: fulana, maji, chakula na muziki vilipiwe na nyinyi wenyewe mnaotembea, au na mfadhili anayejua kwamba analipia hivyo. Nimeona matembezi ambayo fulana zimekula karibu kila kitu. Mwekeni mhazini na msaidizi wake, na mkishapeleka fedha, stakabadhi ya hospitali itumwe kwa kila aliyechanga ndani ya wiki hiyo hiyo.

Na kwa kuwa mtakusanya kina mama wengi, waambieni mabinti wenye umri wa kuzaa habari za vidonge vya asidi ya foliki, vinavyosaidia kuzuia mgongo wazi: miligramu 0.4 kila siku, kuanzia kabla ya kushika mimba hadi miezi mitatu ya mwanzo. Mgongo wa mtoto hufunga katika mwezi wa kwanza wa mimba, wakati wengi bado hawajajijua, ndiyo maana kusubiri siku ya kwanza ya kliniki ni kuchelewa. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye tatizo hili huhitaji kipimo kikubwa zaidi, hivyo huyo amwone daktari kwanza.