Vidonge vya kuongeza vimeng'enya, nimnunulie mwanangu?

SWALI: Dokta, mwanangu wa miaka 9 ana selimundu. Kila kliniki tunaambiwa maji, maji, na anakunywa kweli, ila anakojoa kitandani na maumivu bado yanarudi. Sasa kuna mtu kaniambia vimeng'enya vya kwenye utando wa seli zake nyekundu ni dhaifu, eti kuna vidonge vya kuviongeza. Ninunue?

JIBU: Pole sana mama, na umefanya vizuri kuuliza kwanza. Usinunue. Kimeng'enya ni protini, ukikimeza tumbo linakisaga kama nyama, hakifiki kwenye seli.

Ila huyo mtu hajakosea kote. Kwenye utando kuna vimeng'enya vinavyofanya kazi ya pampu, kimoja kinatoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2, kingine kazi yake ni kutupa kalsiamu nje, usiku na mchana. Sasa himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu, ya mwenye selimundu ikishaachia oksijeni inashikana inakuwa nyuzi ngumu, zinausukuma utando kwa ndani mpaka unavuja, kalsiamu inaingia kwa wingi pampu inazidiwa, halafu kalsiamu ikijaa unafunguka mlango wa potasiamu, potasiamu inatoka na maji yanaifuata. Hapo ndo balaa lenyewe, maana seli iliyokauka himoglobini yake imebanana, inashikana haraka zaidi, seli inajikunja tena na tena mpaka siku haikunjuki hata ikipata oksijeni. Seli ya kawaida inaishi siku kama 120, hii siku 10 hadi 20 basi.

Iliwahi kujaribiwa dawa ya kuziba huo mlango, senicapoc, seli zikaacha kuvunjika ovyo na himoglobini ikapanda, lakini vipindi vya maumivu havikupungua. Kwa hiyo mtu akikuuzia kidonge cha "kurekebisha utando" mwogope.

Kuhusu kitanda, tafadhali usimchape wala usimnyime maji. Seli hizohizo zimeumiza figo zake, haziwezi kuukoleza mkojo, maji yanapita tu mengi na mepesi, ndo maana anahitaji kunywa kuliko wenzake. Muamshe usiku akakojoe, chupa ikae karibu na kitanda. Kliniki ijayo uliza kuhusu dawa ya haidroksiyurea, ile inaongeza himoglobini ya kichanga (aina ambayo mtoto anazaliwa nayo) ambayo inazuia nyuzi zisishikane, na kwenye maumivu imesaidia wengi kweli. Akipata homa usisubiri asubuhi, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.